Kutoka Kopi hadi Zilipendwa: Historia ya Uteuzi wa Nyimbo katika Bendi za Afrika Mashariki

Ikisiri

Tafiti za nyimbo za Kiswahili zimemweka mtunzi mbele na kumsahau mpigaji wa nyimbo za wengine. Makala haya yanachunguza jinsi bendi za Tanzania na Kenya zilivyochagua nyimbo za kurudia mbele ya hadhira, tangu enzi ya santuri hadi maonyesho ya zilipendwa. Yanajadili istilahi mbili, kopi na zilipendwa, kisha yanafuata historia ya uteuzi huo katika dansi, taarabu na muziki wa hoteli za pwani. Hoja kuu ni kwamba kumfurahisha msikilizaji hakujawahi kuwa suala la umaarufu wa wimbo peke yake. Kumetegemea umbo la silabi, nafasi ya kiitikio, sera za dola na kumbukumbu za kizazi fulani. Makala yanahitimisha kwamba orodha ya nyimbo za bendi ya kopi ni kitendo cha uhariri, na kwamba kitendo hicho kinaamua ni matini zipi za Kiswahili zitakazobaki, kwa umbo gani na kwa jina la nani.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapoulizwa ni wapi alijifunza wimbo wa dansi wa miaka ya 1970, ni nadra kutaja rekodi ya kwanza. Aghalabu aliusikia harusini au ukumbini siku ya Jumamosi, ukipigwa na bendi ambayo haikuutunga. Ndivyo inavyotokea kwa sehemu kubwa ya nyimbo zinazohesabiwa kuwa urithi wetu: zimetufikia kupitia mikono ya pili na ya tatu. Hata hivyo, wahakiki tumezoea kuichukua matini kana kwamba imetoka moja kwa moja kinywani mwa mtunzi. Tunahesabu mizani, tunafafanua taswira, tunatoa hukumu ya maudhui, bila kuuliza ni nani aliyeuchagua wimbo huo ili utufikie, na ni nini alichokiacha njiani.

Makala haya yanajibu maswali mawili. La kwanza ni la kihistoria: bendi zilizopiga nyimbo za wengine zilitumia vigezo gani kuteua nyimbo ambazo hadhira ingezipenda? La pili ni la kiisimu na kifasihi: uteuzi huo umeifanya nini matini ya wimbo wa Kiswahili? Mipaka ya mjadala ni Tanzania na Kenya.

2.0 Istilahi: Kopi na Zilipendwa

Wanamuziki wa dansi husema kupiga kopi. Neno lenyewe limetoka katika Kiingereza, lakini matumizi yake yamefuata kanuni za Kiswahili. Kama nomino, limeingia katika safu ya vitu vinavyopigwa, pamoja na picha, simu na pasi. Kama kitenzi, kukopi kimebaki na irabu -i mwishoni, sawa na vitenzi vingine vya mkopo kama kufikiri na kurudi. Kimaana, kopi inadai uaminifu. Mpiga gitaa anayesifiwa kwa kopi ni yule aliyeutoa wimbo kama ulivyo kwenye santuri, pigo kwa pigo. Neno kurudia halina dai hilo. Anayerudia wimbo anaruhusiwa kuuongezea au kuupunguzia. Tofauti hii ndogo ya msamiati inatuonyesha kwamba wanamuziki wenyewe wanatambua viwango viwili vya kushughulikia kazi ya mwingine.

Zilipendwa ni jambo jingine kabisa. Kimofolojia ni sentensi kamili: kiambishi cha ngeli zi- kinachorejelea nyimbo, kiambishi cha njeo -li-, mzizi -pend-, kiambishi cha kauli ya kutendwa -w- na irabu ishilizi. Nchini Kenya umbo lililozoeleka ni zilizopendwa, lenye kirejeshi -zo-, ambalo kisarufi ni kishazi tegemezi kilichopoteza nomino yake. Tanzania imechukua kishazi huru na kukifanya jina. Katika maumbo yote mawili mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, njeo iliyopita inadai kwamba pendo limekwisha, ilhali anayelitumia neno anamaanisha kwamba nyimbo hizo bado zinapendwa. Pili, kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Zilipendwa na nani? Umbo la neno halisemi. Swali hilo la kisarufi ndilo swali la kihistoria linalotuongoza katika sehemu zinazofuata.

3.0 Santuri na Lugha Isiyoeleweka

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri hizo zilionyesha kwamba soko la sauti katika lugha hii lilikuwapo. Lakini gramafoni haikuleta Kiswahili peke yake. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya His Master's Voice ilisambaza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, ambao ulitoa upya rekodi za Kuba na Amerika ya Kilatini. Vilabu vya dansi vilivyokuwa vikichipuka mijini viliupata humo mtaala wao wa kwanza. Bendi iliyotaka kuwavuta wachezaji ilisikiliza santuri, ikajifunza rumba, na kuipiga.

Hapa tunakutana na fumbo. Hadhira ya Dar es Salaam, Morogoro au Tanga haikujua Kihispania, na waimbaji nao hawakukijua. Kwa nini basi nyimbo hizo zilichaguliwa na kupendwa? Jibu la kawaida ni mdundo: dansi ni ya miguu, na miguu haihitaji tafsiri. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi, kwa sababu muziki wa Kiingereza nao ulikuwa na midundo ya kuchezeka, na ulipigwa katika kumbi hizo hizo. Napendekeza sababu ya kifonolojia iongezwe. Kihispania kina irabu tano, kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mwimbaji Mswahili anayekopi maneno asiyoyajua anaweza kuyashika kwa sikio na kuyatoa bila kuyavunja. Kiingereza, chenye irabu nyingi zaidi na silabi funge kwa wingi, humlazimisha ama aongeze irabu ama ameze konsonanti, na msikilizaji akaugundua ugeni mara moja. Silabi wazi ilikuwa, kwa maana hiyo, kigezo cha uteuzi ambacho hakuna mwanamuziki aliyehitaji kukitamka.

Sababu hiyo hiyo inaeleza jinsi nyimbo za Kilingala zilivyotawala majukwaa ya Afrika Mashariki baadaye. Kilingala ni lugha ya Kibantu. Muundo wa silabi zake unafanana mno na wa Kiswahili, na baadhi ya mizizi yake humgusa Mswahili masikioni hata kama maana imepotea. Kilingala kina toni na Kiswahili hakina, lakini katika uimbaji mahadhi huchukua nafasi ya toni, na tofauti hiyo ikafifia. Msikilizaji alipata lugha ngeni iliyo jirani: ngeni kiasi cha kuleta fahari ya mjini, jirani kiasi cha kumwezesha kuitikia.

Mfano wa Salum Abdallah wa Morogoro unaonyesha hatua iliyofuata. Bendi yake iliitwa Cuban Marimba, jina lenye kutangaza ilikotoka shule yake ya muziki. Lakini alipofariki mwaka 1965 hakukumbukwa kwa kukopi Kuba; alikumbukwa kwa tungo zake za Kiswahili zilizovaa mavazi ya rumba. Kopi ilikuwa darasa, na aliyehitimu alitakiwa kutunga.

4.0 Taarabu: Mahadhi ya Kukopa, Maneno ya Kutunga

Wakati dansi ilikopa wimbo mzima, pamoja na maneno yake, taarabu ya Mombasa ilichukua njia nyingine. Sinema za Kihindi zilipendwa sana katika miji ya pwani, na nyimbo zake zilijulikana na watu ambao hawakujua Kihindi. Waimbaji wa mtindo uliokuja kuhusishwa zaidi na Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014) walichukua mahadhi ya filamu na kuyatia mashairi ya Kiswahili. Baadhi ya mashairi hayo yalitungwa na malenga wenye hadhi kubwa, akiwemo Ahmad Nassir Juma Bhalo. Msikilizaji alifurahi mara mbili: aliyatambua mahadhi aliyoyasikia sinemani, na akaonjeshwa tungo mpya yenye mafumbo yanayomhusu yeye na jirani yake.

Uteuzi wa wimbo katika mazingira haya ulikuwa mgumu kuliko katika dansi, kwa sababu wimbo ulipaswa kukubali bahari za ushairi wa Kiswahili. Mshororo wa mizani kumi na sita, uliogawika nane kwa nane, unahitaji mahadhi yenye kituo katikati. Wimbo wa filamu wenye vipande visivyolingana humlazimisha mtunzi ama kuvunja mizani ama kuongeza vijineno vya kujazia. Tena kuna suala la mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina cha mwisho hudai kusikika. Mahadhi yanayovuta sauti ndefu mwishoni mwa kipande hukitendea kina haki, lakini huweza kuudhulumu mkazo. Yanayovuta silabi ya kabla ya mwisho hufanya kinyume chake. Mwimbaji hodari ni yule aliyejua ni wimbo upi wa filamu ungeruhusu vyote viwili. Kwa hiyo, tunaposema kwamba taarabu ya mtindo wa Kihindi iliiga tu, tunapuuza kazi ya upimaji iliyotangulia uigaji huo.

Taarabu ilikuwa pia na chombo cha kupima uteuzi ambacho dansi haikuwa nacho kwa kiasi hicho, nacho ni tuzo. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti aliinuka, akacheza hadi jukwaani na kumpa mwimbaji fedha. Kelly Askew, katika utafiti wake wa Tanga uliochapishwa mwaka 2002, ameonyesha jinsi kitendo hicho kinavyobeba ujumbe kati ya wasikilizaji wenyewe. Kwa mtazamo wetu, tuzo ilikuwa kura ya papo hapo. Wimbo uliotuzwa ulirudiwa wiki iliyofuata. Uliopita kimya uliachwa. Na kwa kuwa watu walitunza maneno, si mahadhi peke yake, taarabu iliendelea kuwa sanaa ya matini hata pale mahadhi yalipokuwa ya kukopa.

5.0 Taifa na Haya ya Kukopi

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Tanganyika, Julius Nyerere alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha na hata waltz, lakini hawakuwahi kuzicheza wala kuzisikia ngoma za wenyewe kama gombe sugu na lele mama. Hotuba hiyo iliambatana na kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Tangu hapo swali la bendi ipige nini likawa swali la taifa. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, katika kipindi kile kile ambacho sketi fupi zilikuwa zikiandamwa na Operesheni Vijana.

Matokeo yake kwa uteuzi wa nyimbo yalikuwa makubwa. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingine za mashirika na jumuiya zilizofuata, zililipa wanamuziki mishahara na kuwataka watunge. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi tungo hizo na kuzirusha nchi nzima. Katika mazingira hayo kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake: Western Jazz na Saboso, Mlimani Park na Sikinde, Vijana Jazz na Pambamoto. Mtindo ulikuwa jina, mdundo na uchezaji, lakini pia ulikuwa mpaka. Mashabiki wa Msondo hawakwenda kusikiliza Msondo ikipiga nyimbo za Sikinde. Kukopi wimbo wa mpinzani kulikuwa kukiri kushindwa.

Haya hiyo ya kukopi haikuenea kila mahali. Palikuwa na majukwaa mawili. Klabu ya mtaani ilidai tungo mpya za Kiswahili, zenye visa vya mapenzi, ndoa, ulevi na kazi. Hoteli kubwa, yenye wageni na watumishi wa ngazi za juu, ilidai nyimbo zilizojulikana duniani, na bendi zake ziliajiriwa kwa ustadi wa kukopi. Mwanamuziki mmoja aliweza kupita katika majukwaa yote mawili maishani mwake, akibadilisha vigezo kila alipobadilisha mlango. Kwa mtazamo wa lugha, klabu iliikuza matini ya Kiswahili. Hoteli, kama tutakavyoona, iliitendea matini hiyo jambo tofauti.

6.0 Hoteli za Pwani na Matini Iliyopunguzwa

Utalii ulipokua katika pwani ya Kenya, bendi za hoteli zilikabiliwa na hadhira isiyojua Kiswahili hata kidogo lakini iliyotaka kukisikia. Fumbo la santuri za Kuba liligeuka: sasa Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha isiyoeleweka. Nyimbo mbili zikawa nguzo za orodha za hoteli.

Ya kwanza ni Malaika, iliyojulikana kupitia rekodi ya Fadhili William na baadaye Miriam Makeba, Boney M. na Angélique Kidjo. Utunzi wake umebishaniwa. Wengine wameutaja kuwa wa Adam Salim, wengine wa Lucas Tututu. Kwa mwanaisimu, ubishi wa maneno una uzito sawa na ubishi wa utunzi. Katika ubeti unaomtaja ndege mdogo, waimbaji wametumia maumbo tofauti ya kitenzi. Umbo lenye mfuatano hu-ku- linabeba maana mbili zinazopingana: laweza kuwa hu- ya mazoea na -ku- ya mtendwa, yaani mwimbaji humfikiria mpenzi wake kila mara, laweza pia kuwa hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili na -ku- ya ukanushi wa wakati uliopita, yaani mpenzi ndiye ambaye hakufikiri. Umbo lenye na- huondoa utata huo na kubakiza maana ya kwanza peke yake. Bendi ya hoteli iliyojifunza wimbo kwa santuri ilichagua umbo moja bila kujua kwamba ilikuwa inachagua tafsiri. Na mbele ya hadhira ya watalii, hakukuwa na wa kuuliza.

Ya pili ni Jambo Bwana ya Them Mushrooms, iliyotolewa mwaka 1982 na kurudiwa na Boney M. mwaka uliofuata. Wimbo huu haukuharibika kwa kukopiwa. Ulitungwa kwa ajili ya jukwaa la hoteli na vijana walioifahamu kazi hiyo kutoka ndani. Msamiati wake ni ule wa maamkizi, sentensi zake ni fupi, na salamu yenyewe inatumia umbo jambo lisilo na viambishi, ambalo Mswahili hulitumia kwa mgeni, si kwa mwenzake. Tukiupima kwa vigezo vya ushairi wa bahari tutauona mwepesi. Tukiupima kwa kigezo cha uteuzi, yaani uwezo wa hadhira kuitikia baada ya kuusikia mara moja, ni kazi ya ufundi mkubwa. Tatizo haliko katika wimbo. Liko katika ukweli kwamba kwa mamilioni ya wasikilizaji wa nje, orodha ya hoteli ndiyo fasihi yote ya Kiswahili wanayoijua.

Ni haki kuongeza kwamba wanamuziki hao hao walifanya pia kazi ya kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Them Mushrooms walimrudisha studio Fundi Konde, mmoja wa magwiji wa miaka ya 1940 na 1950, na kurekodi upya nyimbo zake pamoja naye. Hapo kopi ilifanyika mbele ya mtunzi, kwa jina lake, na kwa ridhaa yake.

7.0 Zilipendwa kama Orodha Teule

Kulegezwa kwa sera za uchumi katikati ya miaka ya 1980, kudhoofika kwa bendi za mashirika, na kisha kuja kwa redio binafsi na bongo fleva kuliondoa mazingira yaliyokuza tungo mpya za dansi. Bendi zilizobaki ziligundua kwamba mali yao kuu ilikuwa kumbukumbu za wasikilizaji. Haya ya kukopi ikayeyuka. Bendi ya leo inayopiga harusini inachanganya nyimbo za Msondo, Sikinde, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu na Les Wanyika katika usiku mmoja, na hakuna anayeiona kuwa imesaliti mtindo wowote.

Kutokana na historia tuliyoipitia, vigezo vitatu vinaonekana kuongoza orodha hizo. Cha kwanza ni kiitikio kinachoshikika: Sina Makosa ya Les Wanyika haikosekani kwa sababu ukumbi mzima huimba jina lake. Cha pili ni mdundo unaowainua wazee na vijana pamoja. Cha tatu ni maudhui yasiyofungwa na tukio: mapenzi, mama, safari, umaskini. Vigezo hivi ni halali, na bendi inayovidharau hukaa bila kazi. Lakini kila kigezo kina gharama yake.

Kigezo cha kiitikio na mdundo kinaukata wimbo wa dansi pabaya. Nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zina sehemu mbili: ya kwanza, ya polepole, inasimulia kisa, ya pili inachemka na kuwaachia wapiga magitaa na wachezaji nafasi. Bendi inayotaka kuujaza ukumbi huharakia sehemu ya pili. Kinachopunguzwa ni beti za kisa, mahali hasa ambapo mtunzi alifanya kazi ya fasihi. Kigezo cha maudhui nacho kimeziondoa nyimbo zilizotungwa kwa Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa na kampeni za kisomo. Mtu anaweza kusema hazikuwa na mvuto tena. Hata hivyo, mwanafunzi anayeijua dansi kwa njia ya zilipendwa pekee ataamini kwamba kizazi kile kiliimba mapenzi tu, na atakuwa amepokea historia iliyohaririwa bila kumjua mhariri wake.

Gharama ya tatu ni jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi wa Tanzania haki juu ya kazi yake inapopigwa hadharani. Sheria, hata hivyo, inahitaji mtunzi anayejulikana. Ukumbini wimbo hutajwa kwa jina la bendi, au la mwimbaji aliyevuma, na mara nyingi aliyeandika maneno hatajwi kabisa. Kauli ya kutendwa iliyojificha katika neno zilipendwa imemmeza mpendaji pamoja na mtunzi.

8.0 Hitimisho

Tuliuliza: zilipendwa na nani? Historia inajibu kwamba zilipendwa na hadhira tofauti kwa sababu tofauti: wachezaji wa klabu waliovutwa na silabi wazi za lugha wasiyoijua, watoa tuzo wa taarabu waliotunza maneno, mashabiki wa mtindo waliokataa kopi, na watalii waliotosheka na salamu. Kila hadhira iliacha alama yake katika orodha, na orodha ikaacha alama yake katika matini.

Kwa wahakiki, jambo moja linafuata kwa lazima: matini ya wimbo inayochambuliwa darasani itajwe ni ya rekodi ipi, na pale rekodi kadhaa zinapopatikana zilinganishwe kama tunavyolinganisha miswada ya tenzi. Hakuna anayehakiki Utendi wa Mwana Kupona bila kujali nakala. Wimbo wa dansi unastahili uangalifu huo huo. Kwa bendi, lipo jambo jepesi lisilopunguza furaha ya ukumbi: kumtaja mtunzi kabla ya wimbo, na kuimba angalau beti za kisa kabla magitaa hayajachemka. Msikilizaji aliyekuja kucheza hatapoteza chochote kwa kuzisubiri beti hizo, ilhali beti zisizoimbwa kwa kizazi kimoja hazina atakayezikopi katika kizazi kijacho.